Kutoka Haramu hadi Gawio: Historia ya Maadili ya Kumiliki Hisa katika Viwanda vya Pombe na Sigara Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja: je, mtu anayepokea faida kutoka kampuni inayouza pombe au sigara anashiriki katika madhara ya bidhaa hizo? Swali hili mara nyingi huchukuliwa kuwa geni, lililoletwa na masoko ya mitaji ya nchi za Magharibi. Makala yanaonesha kwamba jamii za Afrika Mashariki zimelikabili kwa nyakati tofauti na kwa misamiati tofauti: msamiati wa halali na haramu, msamiati wa unyonyaji uliotawala baada ya Azimio la Arusha, na msamiati wa faida na gawio ulioenea baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba kila msamiati uliliona jambo moja na kulificha jingine. Makala yanahitimisha kwamba mjadala kuhusu michango ya lazima ya wafanyakazi katika mifuko ya hifadhi ya jamii unahitaji kuunganisha yale ambayo historia imeyatenganisha.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa shule ya sekondari anapokatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya pensheni, haulizwi fedha hiyo iende wapi. Huenda ikajenga jengo la ofisi, ikanunua hati fungani za serikali, au ikanunua hisa za kampuni ya bia au ya sigara. Huenda mwalimu huyohuyo, Jumatatu asubuhi, akawafundisha wanafunzi wake madhara ya kuvuta sigara. Katika hali hiyo anakuwa mwonyaji na mnufaika kwa wakati mmoja, na unufaikaji wenyewe hakuuchagua.

Katika taaluma ya fedha, kampuni za pombe, sigara, kamari na silaha hujadiliwa pamoja kama kampuni zinazofaidika kutokana na maovu. Makala haya yanajifunga kwenye pombe na sigara, kwa sababu bidhaa hizi mbili ndizo zenye historia ndefu na iliyo wazi zaidi katika viwanda, sheria na masoko ya hisa ya eneo letu. Njia iliyotumika ni ya kihistoria, lakini mwandishi ni mtafiti wa lugha. Kwa hiyo maneno yenyewe yanachukuliwa kuwa ushahidi. Neno ambalo jamii hulitumia kulitaja jambo huonesha ni upande gani wa jambo hilo uliotazamwa, na ni upande gani ulioachwa gizani.

2.0 Fungu, ubia na ushirika

Neno hisa lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni fungu au sehemu ya mtu katika kitu kinachogawanywa. Kabla ya kuwa karatasi inayonunuliwa na kuuzwa sokoni, hisa ilikuwa sehemu ya mtu katika mali iliyoonekana: shamba la minazi, nyumba, chombo cha baharini. Aliyekuwa na hisa katika jahazi aliwajua wabia wenzake, alimjua nahodha, na kwa kawaida alijua jahazi lilikwenda bandari gani na lilirudi na shehena gani. Ujuzi huo ulimfanya awe na la kujibu.

La kuvutia zaidi ni neno shirika. Mzizi wake wa Kiarabu umetuzalia pia kushiriki, ushirika, ushirikiano na, katika uwanja wa imani, shirki. Katika matumizi ya leo, shirika ni taasisi. Kushiriki ni kuwa na sehemu katika tendo. Ushirika ni chama cha wakulima, na kanisani ni meza ya Bwana. Asili ya neno haiwezi kuwa hoja ya kimaadili, na itakuwa kosa kudai kwamba mwenye hisa ana hatia kwa sababu tu ya mzizi wa neno. Hata hivyo, msamiati huu unaonesha kwamba wazo la kuwa na fungu katika mali na wazo la kuwa na sehemu katika tendo halikuwa mbali katika fikra za wasemaji wake.

Maneno ya baadaye yanaelekea kwingine. Uwekezaji unatokana na kitenzi weka. Anayewekeza huweka kitu mahali, kisha huondoka. Gawio linatokana na gawa. Ni kile kinachogawanywa mwishoni, bila kutaja kilivyopatikana. Msamiati wa kisasa wa fedha unamtaja mtu anayeweka na mtu anayepokea, na kazi iliyofanyika kati ya kuweka na kupokea haina jina. Ni katika nafasi hiyo isiyo na jina ndipo swali letu lilipo.

Methali nazo zinaonesha mpaka huohuo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: mgema tunamjua, na mnywaji tunamjua. Lakini aliyemkopesha mgema fedha za kukodi minazi hatajwi. Yeye yumo katika methali nyingine, isemayo kwamba aliye kando haangukiwi na mti. Historia inayofuata ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya watu na taasisi zilizojaribu kusimama kando.

3.0 Pwani: mnyororo wa wajibu na mfadhili wa msafara

Katika miji ya pwani, mafundisho ya Kiislamu yalitoa jibu lenye upana usiotazamiwa na wengi leo. Katazo la kileo halikuishia kwa mnywaji. Mafundisho yanayotokana na Hadithi yanawahesabu pia anayekamua, anayebeba, anayeuza na anayekula thamani yake. Hili ni wazo la mnyororo wa wajibu: faida hubeba sifa ya kitu kilichoizaa, na umbali kati ya mtu na pipa haumtakasi. Kwa hiyo, mwanachuoni wa Lamu au Unguja wa karne ya 19 asingehitaji kitabu cha Ulaya ili kuelewa kwa nini mtu asiyekunywa anaweza kuulizwa kuhusu fedha za mvinyo.

Wazo linalofanana na hilo lilifika pwani kwa njia nyingine. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alihubiri nchini Uingereza katika karne ya 18 kwamba mtu atafute fedha kwa bidii, lakini asiipate kwa kuudhuru mwili au roho ya jirani yake. Na miongoni mwa aliowalaumu ni wauzaji wa pombe kali. Wamishonari wa madhehebu hayo walianzisha kituo huko Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Kwa hiyo, nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuta pwani yetu ina mapokeo mawili ya dini yaliyokubaliana juu ya jambo hili, hata kama hayakukubaliana juu ya mengine mengi.

Lakini mtihani mkubwa wa wazo hilo haukuhusu pombe. Ulihusu watu. Misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu, na ambayo mara nyingi iliambatana na utekaji na uuzaji wa watumwa, iliendeshwa kwa mali ya mkopo. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambayo ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo za Kiswahili, inaonesha jinsi mfanyabiashara wa bara alivyotegemea wafadhili wa Unguja, akiwamo Taria Topan. Mfadhili alitoa vitambaa, shanga na bunduki. Miaka kadhaa baadaye alipokea pembe. Yaliyotokea Manyema hakuyaona.

Mwaka 1860, balozi mdogo wa Uingereza mjini Zanzibar, Christopher Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaacha huru watumwa waliowamiliki. Kumiliki kulikuwa jambo rahisi kulibainisha: mtumwa alikuwa nyumbani au shambani, na mwenyewe alijulikana. Ugumu ulijitokeza baadaye. Bartle Frere alipofika mwaka 1873 kushinikiza mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar, alikabiliana na suala la mtaji wa wafanyabiashara wa Kihindi uliozunguka ndani ya biashara hiyo bila wao kumgusa mtumwa hata mmoja. Je, anayekopesha msafara ni mshiriki? Sheria ya wakati huo iliweza kumshika mwenye mtumwa. Haikuwa na namna nyepesi ya kumshika mwenye deni. Tofauti hiyo kati ya kumiliki na kufadhili imeendelea kuishi nasi hadi leo.

4.0 Ukoloni: dhambi ya mtu binafsi, mapato ya halmashauri

Sheria ya Brussels ya mwaka 1890, iliyofahamika zaidi kwa kupinga biashara ya watumwa, iliweka pia vizuizi dhidi ya kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Tawala za kikoloni zilijinadi kuwa walinzi wa Mwafrika dhidi ya kileo. Katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kunywa pombe kali za Kizungu, na vizuizi hivyo vilianza kulegezwa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Hata hivyo, mlinzi huyo aligundua mapema kwamba alichokuwa akikilinda kinaweza kumlipa. Mfano ulitoka Durban, Afrika Kusini, ambako kuanzia mwaka 1909 halmashauri ya mji ilijipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji na kutumia mapato kugharimia usimamizi wao. Nairobi iliuiga mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kuendesha ukumbi wa pombe Pumwani. Faida iliingia katika mfuko uliokusudiwa kwa huduma za Waafrika. Kwa maneno mengine, mfanyakazi wa reli alikunywa ili mtoto wake apate zahanati.

Hapa ndipo tunapouona utata kwa uwazi. Mwanamke wa Pumwani aliyepika pombe chumbani mwake alivunja sheria. Askari walimwaga pombe yake na kumtoza faini au kumfunga. Halmashauri iliyouza pombe ya aina ileile hatua chache kutoka mlangoni mwake ilikuwa inatoa huduma. Kilichotofautisha uovu na mapato hakikuwa kinywaji wala madhara yake, bali mahali faida ilipokwenda. Wanahistoria wa pombe katika eneo hili, hasa Justin Willis katika kazi yake ya mwaka 2002, wameonesha jinsi udhibiti wa unywaji ulivyoambatana daima na mabishano juu ya nani ana mamlaka. Tunaweza kuongeza kwamba yalikuwa pia mabishano juu ya nani ana haki ya kula thamani yake.

Wakati huohuo bia ya kiwandani ilianza safari yake. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922. Tanganyika Breweries ikafuata mwaka 1933. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya Kenya iliinunua ile ya Tanganyika, na jina likawa East African Breweries. Hisa zilikuwa mikononi mwa Wazungu. Soko la hisa la Nairobi lilipoundwa mwaka 1954, Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua na kuuza hisa humo hadi wakati wa uhuru. Mwafrika aliruhusiwa kuwa mnywaji muda mrefu kabla hajaruhusiwa kuwa mwanahisa. Ukweli huu ni wa muhimu, kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini, uhuru ulipopatikana, swali la kwanza kuulizwa kuhusu kiwanda cha bia halikuwa la madhara yake. Lilikuwa: ni cha nani?

5.0 Mwaka 1967: hisa yenyewe kama uovu

Nchi mbili jirani zilijibu swali hilo kwa njia zilizopingana. Kenya, kupitia Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965, ilikubali mali binafsi na kuhimiza Mwafrika aingie katika uchumi, ikiwa ni pamoja na kumiliki hisa. Tanzania ilichukua njia nyingine. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi wa TANU au wa serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio liliziba hata mwanya wa nyumbani, kwani kiongozi alifasiriwa kuwa mtu pamoja na mkewe au mumewe.

Tukilisoma Azimio kama andiko la maadili ya uwekezaji, tunakuta jambo la pekee. Masharti yake hayabagui kampuni. Hisa katika kiwanda cha dawa na hisa katika kiwanda cha sigara zote zilikuwa mwiko kwa kiongozi, kwa sababu zote zilimfanya aishi kwa jasho la wengine. Uovu ulikuwa katika kupokea bila kufanya kazi. Neno la zama hizo lilikuwa unyonyaji, na picha yake ilikuwa mirija. Katika jamii zetu za Maziwa Makuu, ambako pombe ya mtama hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja na wazee walioketi kukizunguka, mrija ni alama ya ushirika. Katika siasa ya Ujamaa mrija uleule ukawa alama ya mtu anayejinywea peke yake kutoka chungu cha wote.

Siku chache baada ya Azimio, serikali ilitangaza viwanda ambavyo ingechukua sehemu kubwa ya hisa zake. Katika orodha hiyo vilikuwamo viwanda viwili vya bia, Kilimanjaro Breweries na Tanzania Breweries, na kampuni ya sigara ya British American Tobacco. Vilikuwamo pia kiwanda cha viatu cha Bata, kiwanda cha makopo cha Metal Box na kiwanda cha saruji. Bia na sigara ziliwekwa daraja moja na viatu na saruji. Zote zilikuwa njia kuu za uchumi, na zote zilipaswa kuwa za umma.

Kwa hiyo, wiki ileile iliyomkataza waziri kumiliki hisa moja ya kampuni ya bia, ilimfanya kila raia, mnywaji na asiyekunywa, shehe na mchungaji, kuwa mwenye mali wa kiwanda cha bia kupitia serikali yake. Msamiati wa unyonyaji ulikuwa na nguvu kubwa ya kuuliza nani anafaidika. Haukuwa na neno la kuuliza anafaidika kwa kuuza nini. Mapokeo ya halali na haramu, ambayo yalikuwa na neno hilo, yalibaki misikitini na makanisani.

Haifai kulilaumu Azimio kwa kutojibu swali ambalo halikuulizwa. Mkulima wa Urambo anatukumbusha ugumu wa mambo. Ardhi ya Urambo ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Baadaye tumbaku ikawa zao lake kuu. Kwa familia za huko, tumbaku ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Taifa lililokuwa likitafuta fedha za kigeni na ajira za viwandani lingewezaje kumwambia mkulima huyo kwamba zao lake ni uovu? Hata hivyo, ukimya huo ulikuwa na gharama. Serikali ikawa mwenye kiwanda, mtoza ushuru wa bidhaa na mlinzi wa afya kwa wakati mmoja, na majukumu hayo matatu hayawezi kuelekea upande mmoja daima. Mchovya asali hachovyi mara moja: kila mwaka wa bajeti, bia na sigara zilitegemewa.

6.0 Soko la hisa na raia mwanahisa

Mnamo Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilipokutana Zanzibar ililegeza miiko ya Arusha. Wanachama na viongozi waliruhusiwa kumiliki hisa. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya Tanzania Breweries kwa kampuni ya bia ya Afrika Kusini. Mwaka 1995 kampuni ya sigara ilibinafsishwa kwa kampuni ya kigeni, na baadaye sehemu kubwa ya hisa zake ikawa mikononi mwa Japan Tobacco International.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ya gesi ya oksijeni. Ya pili ilikuwa Tanzania Breweries, na mwaka 2000 ikafuata Tanzania Cigarette Company. Mpangilio huu una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kizazi cha Watanzania kilichokuwa kimefundishwa kwamba hisa ni mrija kilialikwa sasa kununua hisa, na miongoni mwa hisa za kwanza kabisa zilizowekwa mbele yake zilikuwa za bia na za sigara. Wengi walijifunza maana ya gawio kutokana na bidhaa hizo mbili. Zilikuwa kampuni zenye faida na zilizolipa gawio. Kwa mwekezaji mwangalifu zilikuwa chaguo la busara.

Msamiati ukabadilika tena. Unyonyaji ulitoweka katika hotuba. Mahali pake pakaingia uwekezaji, ufanisi na thamani kwa wanahisa. Swali la nani anafaidika lilijibiwa kwa kusema kwamba kila raia anaweza kununua. Swali la anafaidika kwa kuuza nini halikurudi mezani kwa sauti kubwa, isipokuwa katika sehemu moja: benki zinazofuata sharia ya Kiislamu. Gulf African Bank na First Community Bank zilianza Kenya mwaka 2008, na Amana Bank ikaanza Tanzania mwaka 2011. Katika mfumo wao, fedha za wateja haziwekwi katika pombe, kamari au riba. Kanuni ya karne nyingi kuhusu anayekula thamani yake ilirejea ikiwa imevaa suti ya benki.

7.0 Bujumbura na Gisenyi

Katika nchi za jirani, historia ilifuata mkondo unaofanana bila kupitia Azimio. Kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1955. Bralirwa ilianzishwa Gisenyi mwaka 1957. Vyote vilikuja kuwa chini ya Heineken, huku serikali zikiwa wabia. Nchini Burundi serikali imeendelea kuwa na takriban asilimia 40 ya hisa, na Brarudi imekuwa miongoni mwa walipa kodi wakubwa kabisa wa taifa. Kwa nchi yenye uchumi mdogo, uhusiano huo ni mzito: chupa ya bia hulipa kodi, hulipa gawio, na hulipa mishahara. Kuna miaka ambayo bia iliendelea kusambazwa milimani wakati huduma nyingine nyingi zilikuwa zimesimama kwa vita.

Rwanda ilichukua hatua tofauti. Serikali iliuza asilimia 30 yake katika Bralirwa, sehemu kubwa ikiwa kwa umma, na Januari 2011 kampuni hiyo ikawa ya kwanza ya Rwanda kuorodheshwa katika soko la hisa la nchi hiyo kwa toleo la awali la hisa kwa umma. Kama Dar es Salaam, Kigali nayo ilimfundisha raia wake umiliki wa hisa kupitia chupa ya bia. Kujitoa kwa serikali kulipunguza mgongano wa majukumu yake, lakini hakukuliondoa swali. Kulilihamisha kutoka hazina ya taifa hadi mfukoni mwa mwananchi na katika mifuko inayosimamia akiba yake.

8.0 Hoja za utetezi na uzito wake

Watetezi wa umiliki wa hisa hizi wana hoja tatu zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba kuuza hisa hakupunguzi chupa hata moja. Mfuko wa pensheni ukijitoa, mwingine atanunua, na gawio litakwenda nje ya nchi. Hoja hii ni ya kweli kuhusu matokeo, lakini haigusi wajibu. Mfadhili wa msafara naye angeweza kusema kwamba akikataa kukopesha, jirani yake atakopesha. Tunapomhukumu leo, hatumpimi kwa idadi ya misafara ambayo ingesimama.

Ya pili ni kwamba mwanahisa ana sauti katika mkutano mkuu na anaweza kuielekeza kampuni kwenye mwenendo bora. Katika kampuni ambayo mwekezaji mmoja wa kigeni ana robo tatu ya hisa, kama ilivyo kwa Tanzania Cigarette Company, sauti hiyo ni ndogo.

Ya tatu ni nzito zaidi: pombe na sigara ni bidhaa halali kisheria, na mtu mzima ana hiari yake. Hapa inafaa kuzitenganisha bidhaa mbili ambazo makala haya yamezitaja pamoja. Pombe ina nafasi katika posa, matanga na upatanisho wa jamii zetu nyingi, na wapo wanaokunywa kwa kiasi bila kumdhuru mtu. Sigara haina kiasi cha namna hiyo; humdhuru mtumiaji inapotumika hasa kama ilivyokusudiwa na mtengenezaji wake. Tofauti hii inatambuliwa na sheria za kimataifa. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, umeridhiwa na Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Miongozo ya mwaka 2008 ya kifungu chake cha 5.3 inashauri kwamba nchi zisizo na kiwanda cha tumbaku cha serikali zisiwekeze katika sekta hiyo. Pamoja na hayo, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Kenya umekuwa miongoni mwa wanahisa wa BAT Kenya. Tofauti hii kati ya mkataba uliotiwa saini na daftari la wanahisa haijajadiliwa vya kutosha katika lugha ambayo mchangiaji wa kawaida anaielewa.

Na mchangiaji ndiye kiini cha suala hili. Anayenunua hisa kwa hiari yake anajibu mbele ya dhamiri yake. Anayekatwa mshahara kwa amri ya sheria hana nafasi hiyo. Hiari, ambayo ndiyo hoja kuu ya kumtetea mvutaji, haipo kwa mwalimu, muuguzi au polisi ambaye akiba yake imenunua hisa za sigara bila yeye kujua. Muuguzi wa wodi ya kifua anafanywa mwenye faida katika ugonjwa anaoutibu. Kwa hoja ileile ya uhuru wa mtu mzima, mifuko ya lazima haina haki ya kumwingiza humo.

9.0 Hitimisho

Historia hii imeonesha misamiati mitatu ikipokezana. Msamiati wa halali na haramu uliuliza kinachouzwa ni nini, na ulijua kumfuata kila anayekula thamani yake. Msamiati wa unyonyaji uliuliza anayefaidika ni nani, na ulikuwa na ujasiri wa kumnyooshea kidole kiongozi. Msamiati wa gawio unauliza faida ni kiasi gani, na umewafungulia raia wa kawaida mlango uliokuwa umefungwa tangu ukoloni. Kila mmoja una stahiki yake, na hakuna unaotosha peke yake.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, mifuko ya hifadhi ya jamii inayokusanya michango ya lazima ijitoe katika hisa za tumbaku, na kuhusu pombe itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili na lugha nyingine zinazosomwa na wanachama wake, kampuni ambazo fedha zao zimewekwa. Pili, taasisi za Kiswahili za eneo letu ziweke istilahi zitakazouwezesha mjadala huu kufanyika: uwekezaji adilifu kwa uwekezaji unaozingatia maadili, uchujaji wa hisa kwa zoezi la kuzikagua kampuni kabla ya kununua, na uondoaji mtaji kwa hatua ya kujitoa. Istilahi hizi zinaweza kuboreshwa na wenye ujuzi zaidi. Lililo muhimu ni kwamba mwanachama wa mfuko awe na maneno ya kuulizia akiba yake.

Mwenye hisa katika jahazi la zamani alijua lilikokwenda. Mchangiaji wa leo ana haki ya kujua kiasi hichohicho.